KULINDA MTO SI KUUFUNGA

Mpaka ukiwa ukuta, mlinzi wake ana kazi moja, nayo ni kuhakikisha kwamba ukuta hauvukwi. Lakini mpaka ukiwa mto, kazi huwa mbili. Ya kwanza ni kuilinda nchi isiingiliwe na adui kwa njia ya maji. Ya pili ni kuulinda mto wenyewe, usichafuliwe, usiharibiwe, wala usifungiwe wananchi ambao ndio wenye mali. Kazi ya kwanza inafahamika kwa kila askari tangu siku ya kwanza ya mafunzo yake. Ya pili aghalabu husahauliwa, na mara nyingine husahauliwa kwa sababu ya ile ya kwanza. Mazungumzo ya leo yanahusu kazi hiyo ya pili, na mfano wake umo Gihundwe, katika wilaya ya Rusizi, nchi ambayo watu wengi wangali wakiiita Cyangugu.

Gihundwe ni sekta iliyo jirani na mji wa Kamembe, katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, juu ya Ziwa Kivu. Ng'ambo ya maji ndiko Bukavu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ziwa Kivu liko kiasi cha meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na lina mlango mmoja tu wa kutolea maji. Mlango huo ni mto Rusizi, unaopita kati ya nchi hizo mbili na kuelekea kusini mpaka Ziwa Tanganyika. Safari hiyo ni ya kilometa zipatazo 117, na katika safari hiyo mto huteremka karibu meta 700. Mteremko huo haukugawanyika sawasawa njiani. Sehemu yake kubwa imo katika makorongo ya juu, kabla mto haujatulia katika tambarare ya Bugarama. Katika makorongo hayo maji hayatembei, bali hukimbia. Hugonga miamba, hugeuka meupe kama maziwa, huanguka na kuinuka tena kwa kishindo.

Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba zamani za kale maji ya bonde hili yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zikainua ukuta wa mawe, ziwa likajaa, likafurika upande wa kusini na kujichimbia njia mpya. Kwa hiyo Rusizi ni mto kijana, ambao bado unapigana na mawe yake. Mwezi Novemba 1871, Henry Morton Stanley na David Livingstone walipokuwa Ujiji, wasomi wa Ulaya walikuwa wakibishana kuhusu jambo moja: je, mto huu hutoka Tanganyika na kwenda kuulisha Nile, au huingia Tanganyika? Vitabu havikuweza kujibu. Wageni hao wakapanda mtumbwi, wapiga kafi wakawafikisha mwisho wa ziwa upande wa kaskazini, na huko wakaona kwa macho kwamba mto unaingia, hautoki. Jibu halikupatikana ofisini. Lilipatikana kwa nguvu za mikono ya watu wa ziwa, ambao bila kafi zao wageni hao wasingefika popote.

Baada ya hapo Rusizi ukawa mto wa askari. Mwaka 1910 wakoloni wa Kijerumani na wa Kibelgiji walikubaliana kuufanya mpaka. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha Wabelgiji chini ya Kanali Olsen kiliuvuka na kuingia Rwanda iliyokuwa chini ya Wajerumani. Mwezi Novemba 1967, mamluki wa Jean Schramme, waliokuwa wameushika mji wa Bukavu tangu Agosti ya mwaka ule, walizidiwa na jeshi la Kongo, wakavuka mto na kunyang'anywa silaha upande wa Rwanda. Mwaka 1994, mwishoni mwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya watu walivuka hapo kwenda Kongo, na miongoni mwao walikuwamo wauaji waliotoroka na silaha zao. Mwezi Februari 2025 mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa kundi la M23, na macho ya dunia yakarudi tena kwenye kingo za mto huo huo.

Kwa historia kama hiyo, si ajabu kwamba askari aliye zamu Rusizi huutazama mto kwanza kama njia ya hatari. Ana haki ya kufanya hivyo. Mtumbwi usio na taa usiku unaweza kuwa wa mvuvi, unaweza kuwa wa mfanya magendo, na unaweza kuwa wa mtu mwenye bunduki. Wala hakuna mwenye akili timamu anayedai kwamba, katika nyakati ambazo kingo zote mbili za mto zina watu wenye silaha, vijana waachwe wateremke makorongoni kwa mchezo. Usalama wa raia ndio sheria ya kwanza, na amri halali ya kufunga sehemu fulani kwa muda fulani ni lazima itiiwe.

Lakini lipo swali la kuuliza. Amri ya kufunga inapotolewa kwa sababu ya hatari, je, hufutwa hatari inapoondoka? Au hubaki kuwa desturi, mpaka mtoto aliyezaliwa kando ya maji anakua bila kujua ni wapi panaporuhusiwa kugusa maji hayo? Mto uliofungwa bila kikomo huwa mto usio na wenyewe. Mwananchi asiyeufikia hauoni, asiyeuona haujali, na asiyeujali hatapiga kelele siku utakapoharibiwa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mito mingi ya Afrika Mashariki inapotea kwa namna hiyo.

Tazama yanayotokea katika Rusizi wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950, utawala wa Kibelgiji ulijenga kituo cha umeme cha Rusizi ya Kwanza, kilometa chache kutoka mahali mto unapoanzia. Mwaka 1989 kikaongezwa kituo cha Rusizi ya Pili, chenye uwezo wa karibu megawati 44, ambacho ni mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Kongo kupitia shirika la SINELAC. Umeme huo ni neema kubwa. Lakini katika miaka ya karibuni mafundi wa Rusizi ya Kwanza wamekuwa wakipambana na adui ambaye hakupita katika kizuizi chochote cha mpakani, nalo ni rundo la taka za plastiki. Chupa, mifuko na magaloni yanayotupwa katika mitaro na vijito vya miji iliyo kando ya Ziwa Kivu husukumwa na mvua hadi ziwani, na ziwa huyapeleka kwenye mlango wake wa pekee. Yanafika kwenye bwawa, yanaziba njia ya maji, mitambo inasimama, na mji unaingia gizani.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikapitisha sheria dhidi ya vyombo vingine vya plastiki vya kutumiwa mara moja na kutupwa. Hatua hizo zimesifiwa na mataifa mengi. Hata hivyo maji hayasomi sheria za upande mmoja. Chupa iliyotupwa ufuko mmoja huyumbishwa na upepo mpaka ufuko mwingine, na askari wa doria ndiye wa kwanza kuiona. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Taarifa ya doria inayotaja mtumbwi wa magendo na kunyamaza kuhusu mlima wa taka ni taarifa ya nusu ya kazi.

Kuna hasara nyingine ambayo haielei juu ya maji, na kwa hiyo ni rahisi kupita bila kuonwa. Hiyo ni hasara ya kasi ya maji yenyewe. Ili kuielewa, yafaa kuangalia nchi jirani ya Uganda, ambako jambo hili limekwisha kutendeka mbele ya macho ya watu.

Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria karibu na mji wa Jinja, hapo zamani ulianza kwa maporomoko ambayo John Hanning Speke aliyafikia mwaka 1862 na kuyaita Ripon. Mwaka 1954 lilifunguliwa bwawa la Owen Falls, na maporomoko ya Ripon yakafunikwa. Nchi ilipata umeme wa viwanda vyake, na wakati ule ni wachache waliouliza gharama ya kilichopotea, kwa sababu mbele kidogo yalibaki maporomoko mengine mengi. Mashuhuri kati ya hayo yalikuwa ya Bujagali. Kwa Wasoga hapo palikuwa mahali pa heshima, makao ya mzimu unaoitwa kwa jina hilo hilo. Tangu katikati ya miaka ya 1990 pakawa pia mahali pa kazi. Wageni kutoka pembe zote za dunia walikuja kuteremka kwa boti za mpira na kayaki. Vijana wa vijijini wakajifunza kuongoza boti, kubeba vyombo, kupika na kuokoa watu. Wengine walijipatia fedha kwa kujitosa katika maporomoko wakiwa wamekumbatia galoni tupu la plastiki, huku watazamaji wakishika vifua kwa hofu.

Katika miaka ya 2005 na 2006 Uganda ilikumbwa na uhaba mkubwa wa umeme. Ziwa lilikuwa limepungua, na umeme ulikuwa ukikatwa kwa saa nyingi. Katika hali kama hiyo Serikali haikuweza kukaa mikono kifuani. Bwawa la Bujagali likajengwa, lenye uwezo wa megawati 250, na lilipofunguliwa rasmi mwezi Oktoba 2012 maporomoko yalikuwa yamekwisha kulala chini ya maji tuli. Asiyekubali kwamba hospitali zinahitaji umeme na viwanda vinahitaji mitambo hasemi kweli. Lakini asiyekubali kwamba kitu cha thamani kilizama pale, naye pia hasemi kweli.

Kwa kutambua hasara hiyo, mwaka 2007 Serikali ya Uganda ilitia sahihi mapatano na Benki ya Dunia, iliyokuwa ikisaidia mradi, kwamba eneo la maporomoko ya Kalagala, lililo mbele ya Bujagali, litahifadhiwa ili kufidia kile kilichozama. Hiyo ilikuwa ahadi njema. Haikupita miaka mingi, ujenzi wa bwawa jingine ukaanza katika sehemu ya chini ya mto, mahali paitwapo Isimba. Bwawa hilo la megawati 183 lilizinduliwa mwezi Machi 2019. Maji yake yalirudi nyuma na kufunika tena sehemu ya maji ya kasi katika eneo lililohusika na ahadi ile, na ahadi yenyewe ikabidi irudishwe mezani. Maporomoko ya Kalagala na ya Itanda yamebaki, na watu wangali wakienda kuyatazama na kuyateremka. Lakini waongozaji wa boti, ambao mara ya kwanza walihamisha kazi yao kutoka Bujagali, walilazimika kupunguza safari zao mara ya pili.

Fundisho la Uganda halisemi kwamba mabwawa yasijengwe. Linasema kwamba bwawa likishajengwa halibomolewi kwa urahisi, na poromoko lililozama halirudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na maji yaliyotuama juu ya mwamba hayafundishwi tena kuruka. Kwa sababu hiyo hesabu inapaswa kufanywa kabla ya zege kumwagwa. Hesabu hiyo lazima iandike pande zote mbili za daftari: megawati upande huu, na upande ule samaki, mashamba, njia za wavuvi, mahali pa heshima pa wazee, na kazi za vijana wanaoishi kwa maji ya kasi. Ahadi ya kuhifadhi sehemu fulani nayo iandikwe katika sheria, iwekewe mipaka inayoonekana, na ipewe walinzi. Ahadi isiyo na mlinzi ni karatasi.

Jambo hili linaihusu Rusizi moja kwa moja. Mradi wa Rusizi ya Tatu, unaokusudiwa kutoa megawati 206 na kugawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Kongo, umekuwa katika mipango kwa miaka mingi, na nyuma yake upo wazo la Rusizi ya Nne. Nchi hizi tatu zina njaa ya umeme, na hakuna anayeweza kuzilaumu kwa kutaka kuula mkate uliomo mlangoni mwao. Lakini hatua zote hizo zinatazama makorongo yale yale ya juu. Kama kila meta ya mteremko itatiwa katika bomba bila hata kipande kimoja kuachwa huru, basi siku moja Rusizi utakuwa ngazi ya mabwawa, na mtoto wa Gihundwe ataambiwa kwamba hapo zamani mto huu ulikuwa ukinguruma. Wapangaji wanaweza kuchagua mapema kipande kipi kitoe umeme na kipande kipi kibaki kama kilivyoumbwa. Wakichelewa, uchaguzi utakuwa umekwisha kufanywa na mashine.

Sasa huenda askari akauliza: mambo ya mitumbwi na kayaki yanamhusu nini mtu aliyeapa kulinda nchi? Jibu la kwanza ni la sheria. Mito, maziwa na kingo zake huhesabiwa katika mali ya umma ya Rwanda. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 iliweka umbali wa meta 10 kutoka ukingo wa mto, na meta 50 kutoka ufuko wa ziwa, ambamo kilimo hakikuruhusiwa. Makusudi yake yalikuwa kuzuia udongo usiporomoke majini. Ukanda huo uliohifadhiwa ndio pia unaoweza kuwa njia ya mwananchi kufika kwenye maji bila kukanyaga shamba la mtu. Mwenye nguvu akijenga uzio mpaka majini, au mchimba mchanga akiula ukingo, anayemnyang'anya si mti na jiwe tu, bali ni umma. Polisi anayemwondoa mvamizi huyo hafanyi kazi ya hisani, anatekeleza sheria kama anavyoitekeleza barabarani.

Jibu la pili ni la usalama wenyewe. Mto usio na watu hauna macho. Mfanya magendo hupenda mahali ambapo hakuna mvuvi, hakuna mwogeleaji, wala kijana anayejua kila jiwe. Katika Ziwa Kivu wavuvi wa isambaza hutoka jioni na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na nyimbo zao za kupigia kafi husikika mbali juu ya maji. Doria yenye busara haiwaoni watu hao kama usumbufu. Inawajua kwa sura na kwa majina, na kwa hiyo mtumbwi mgeni ukiingia kati yao hujulikana upesi. Kadhalika na wapiga kafi wa mtoni. Mchezaji aliyeandikishwa, mwenye chombo chenye namba, anayeaga anapotoka na kuripoti anaporudi, ni jicho la ziada la mlinzi.

Jibu la tatu ni la uokoaji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa zilinyesha katika Mkoa wa Magharibi na sehemu za Kaskazini mwa Rwanda. Milima iliporomoka, mto Sebeya ukavunja kingo zake, na watu zaidi ya 130 wakafariki dunia. Katika msiba kama huo, vijito vya kawaida hugeuka kuwa mikondo ya kuua kwa muda wa saa chache. Mtu aliyezoea maji tuli hajui afanye nini mbele ya maji ya kasi. Hajui kwamba kamba iliyofungwa vibaya inaweza kumzamisha anayeokolewa, kwamba kusimama wima ndani ya mkondo wenye mawe kunaweza kuunasa mguu, wala kwamba nyuma ya kila mwamba mkubwa kuna kituo kidogo cha maji yaliyotulia ambapo aliyechoka anaweza kupumzika. Mambo haya hayafundishwi vizuri ubaoni. Hufundishwa mtoni, kwa kafi, kofia ngumu na jaketi la kujiokolea. Nchi yenye vijana mia wanaoyajua ina kikosi cha akiba ambacho haikukilipia mshahara.

Yafaa pia isemwe wazi kwamba mchezo huu una hatari zake. Maji yanayopita Rusizi huingia Tanganyika, na Tanganyika nayo hutoa maji yake kwa mto Lukuga, unaokwenda kuungana na mto Kongo. Katika Lukuga, mwezi Desemba 2010, Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliyewahi mwaka 2004 kuongoza safari ya Nile kutoka Ziwa Victoria mpaka bahari ya Mediterania, alinyakuliwa na mamba kutoka katika kayaki yake, huku wenzake wawili wakimtazama. Alikuwa bingwa, na ubingwa haukumsaidia. Ziwa Kivu halina mamba, lakini sehemu za chini za Rusizi zinao, na viboko pia. Tena mabwawa yana hatari yake ya pekee, kwa kuwa maji yanaweza kufunguliwa ghafla, na mto uliokuwa wa magoti ukawa wa shingo. Hatari hizi ndizo sababu ya kuweka utaratibu. Penye marufuku tupu watu huingia majini kwa siri, bila vifaa na bila mtu kujua walipo. Penye utaratibu huingia mchana, kwa idadi inayojulikana, na asiyerudi hutafutwa kabla jua halijazama.

Utaratibu huo hauhitaji fedha nyingi. Kwanza, wilaya na vyombo vya ulinzi wakubaliane mahali maalumu pa kuingilia na kutokea majini, pawekwe kibao kinachosomeka, na njia ya kufikia hapo iachwe wazi kwa wote, maskini na tajiri, mwenyeji na mgeni. Kuanzia ufuko wa Gihundwe, ambako maji ni ya ziwa na hayana mkondo wa kutisha, ndiko busara, maana mwanafunzi hujifunza kupiga kafi kabla ya kujifunza kupambana na mwamba. Ndani ya nchi pia imo mito iliyo mbali na mipaka, kama Mukungwa karibu na Musanze, ambako watu wamekwisha kusafirishwa kwa mitumbwi kwa ajili ya matembezi. Makorongo ya mpakani yangoje amani, lakini yasisahauliwe.

Pili, kila kituo cha ulinzi kilicho kando ya maji kiwe na daftari la safari. Daftari hilo hilo hutumika kwa kazi mbili: kujua nani yuko majini, na kujua nani wa kuokolewa. Tatu, wasimamizi wa mabwawa watoe taarifa kabla ya kufungua maji, na taarifa hiyo ifike kwa askari, kwa wavuvi na kwa wanawake wanaofua nguo mtoni, wala isiishie katika simu za wakubwa. Nne, askari wa doria wafundishwe sheria ya kingo za maji kama wanavyofundishwa sheria ya silaha, ili asitokee mmoja anayemfukuza mwenye haki na kumwacha mvamizi, eti kwa sababu mvamizi amevaa suti. Wala isitokee kwamba njia ya kwenda majini inafunguliwa kwa anayetoa chochote, na kufungwa kwa asiye na kitu. Askari anayeuza ruhusa ya kugusa maji ya umma ameiuza mali isiyo yake.

Tano, mataifa yenye mto yazungumze. Huenda jambo hili likaonekana gumu katika siku za uhasama, lakini historia ya Rusizi yenyewe inatoa matumaini. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu iliundwa mwaka 1976, na bwawa la Rusizi ya Pili likazaliwa katika ushirikiano huo. Tangu 1989 vimepita vita, vimepita vifo visivyohesabika, na serikali zimebadilika, lakini mto uliendelea kuwa wa watu wa pande zote, na mitambo ikaendelea kuzunguka kwa faida ya mataifa matatu. Kama nchi hizo zimeweza kugawana umeme wa mto mmoja, hazitashindwa kukubaliana kuhusu taka zinazouziba, kuhusu kipande cha korongo kitakachoachwa huru, na hatimaye kuhusu mahali ambapo kijana wa Cyangugu na kijana wa Bukavu wanaweza kutua na mitumbwi yao bila kuelekezeana vidole.

Ndugu askari, nchi hailindwi kwa ajili ya ramani. Inalindwa kwa ajili ya watu wake, na kwa ajili ya ardhi na maji ambayo watu hao watawarithisha watoto wao. Mlinzi hodari wa mto si yule anayejivunia kwamba mto wake hauna mtu. Ni yule ambaye mto wake una watu anaowajua, una kingo zisizoliwa, una maji yasiyobeba uchafu, na una sehemu ambayo bado inanguruma kama ilivyonguruma kabla yake. Kulinda mto si kuufunga. Ni kuhakikisha kwamba siku amani itakapoimarika katika kingo zote mbili, patakuwa bado na mto wa kuufungua.